Kibandiko Chekundu kwenye Mfupa

Dada yangu mkubwa amewakata wagonjwa maisha yake yote, na hajawahi kumsikia hata mmoja akilia. Msidhani ni daktari. Ukimwita daktari atakukatiza, ukimwita nesi atanuna. Kazi yake hospitalini ilikuwa kwenye chumba cha nyuma, kile ambacho mgonjwa mwenyewe hafiki ila kipande chake kinafika. Daktari akitilia shaka uvimbe wa mtu, hukata kinyama kidogo na kukitia kwenye kichupa, na vichupa hivyo vyote viliishia mezani kwa dada. Alikigandisha kinyama ndani ya nta, akakipasua kwa mashine yenye wembe mpaka akapata utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, akautandaza juu ya maji ya uvuguvugu, akaudaka kwa kipande cha kioo, akautia rangi nyekundu na zambarau, kisha akampelekea daktari wa hadubini. Wenzake walimwita Mama Wembe. Hana mtoto anayeitwa Wembe, na sidhani kama kuna mtoto angekubali.

Mimi ni mdogo wake, wa mwisho kuzaliwa, ndiyo maana mpaka leo, na mvi zangu hizi, ananiita Kitinda mbele za watu. Ni fundi cherehani. Mama yetu alikuwa mgonjwa wakati nazaliwa, kwa hiyo aliyenibeba mgongoni ni dada, na hajawahi kuniacha nisahau. Nikikataa jambo lolote lake, hunikumbusha mgongo ule.

Pale kazini alikuwa na desturi zake mbili. Ya kwanza, hakusoma jina kwenye kichupa. Alisoma namba tu, na jina alilifunika kwa kidole gumba. Ya pili, kabla wembe haujashuka, alisema "pole." Si kwa sauti. Alisogeza midomo tu, pole, na wembe ukapita. Vijana waliofundishwa naye walimcheka mwanzoni, halafu nikasikia nao wanafanya vivyo hivyo.

Kulikuwa pia na vibandiko vyekundu vilivyoandikwa HARAKA. Daktari wa hadubini akiona jambo la kuwahiwa, kibandiko kimoja kilibandikwa kwenye bahasha ya majibu, na mtu wa chumba kile akaipeleka bahasha mbio hadi kwa daktari wa upasuaji. Majibu mengine yote yalikwenda taratibu, na karani au na yeyote wa chumba kile aliyekuwa anapita njia hiyo. Sasa korido ya hospitali ile ni ndefu, na ukutani upande mmoja kuna mabenchi wanapokaa ndugu wa wagonjwa. Watu wale si wajinga. Walishajua. Wakimwona Mama Wembe anatembea, walimsalimia na kumuuliza habari za nyumbani. Wakimwona anakimbia, benchi zima lilinyamaza, kila mmoja anaomba kimoyomoyo asiwe wake.

Hicho ndicho kilichomchosha. Harufu ya dawa aliizoea, wembe aliuzoea, lakini macho ya wale wa benchini hakuyazoea. Siku alipostaafu tulimfanyia chai na keki, akala keki yake yote na ya shemeji pia, akasema, "Nimemaliza kukimbia."

Hakumaliza hata mwaka nyumbani. Mume wake, shemeji yangu, mtu mpole sana, alianza kunipigia simu ananilalamikia. Dada alikuwa anakata nyanya za kachumbari nyembamba mpaka unaona sahani upande wa pili. Basi akaja siku moja dukani kwangu, akakaa juu ya robota la vitambaa, uso umeng'aa.

"Kitinda, nimepata kazi."

"Umri huo? Ya nini?"

"Kukata. Pale makumbusho. Wanataka mtu wa kukata mifupa ya dinosaria iwe myembamba, waangalie magonjwa yao."

"Dinosaria wanaumwa?"

"Wewe uliona wapi kiumbe kisichoumwa? Walikuwa wanaumwa mpaka na meno. Na raha yake, wagonjwa wenyewe wamekufa miaka milioni sabini na kitu iliyopita." Akashusha sauti kama ananiambia siri ya familia. "Hawana ndugu."

Nikamwambia basi hata waliowazika wameshasahau kaburi. Akanipiga kofi la bega. Alikuwa na furaha kwelikweli.

Chumba chake kipya kilikuwa chini ya ardhi, chini ya ukumbi ambao watoto wa shule hupitishwa kwa mistari. Kuna sinki kubwa, feni inayonguruma, meza za bati, na msumeno mdogo ambao ukingo wake una vumbi la almasi. Bosi wake ni Profesa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea, kiumri angeweza kuwa mtoto wa dada, na humwita "mama" kwa heshima zote lakini akimkuta na chai karibu na mifupa anamfukuza nje kama kuku.

Kazi ya pale, kama nilivyokuja kuelezwa, iko hivi. Zamani watu waliamini kwamba mnyama akifa nyama inaoza, mfupa unageuka jiwe, basi, hakuna zaidi. Kumbe mara mojamoja madini huwahi kuziba ndani ya mfupa kabla uozo haujamaliza kazi, na vitu laini vinabaki humo: mishipa midogo ya damu, na alama za chembe zilizokuwa hai. Mimi nilimwelewa Profesa kwa njia ya suruali. Suruali uifue utakavyo, ukija kufumua pindo la chini utakuta mchanga wa mwaka juzi. Nilipomwambia hivyo alicheka, akasema mfano huo atautumia kwa wanafunzi.

"Mfupa unatuonyesha umbo la ugonjwa," alisema. "Lakini uvimbe wa aina mbili unaweza kufanana kwa nje. Hivyo vitu laini, vikiwa vimebaki, ndivyo vinavyotusaidia kujua ni ugonjwa gani hasa."

Dada alifanya kazi kwa njia mbili. Kipande kimoja alikizamisha kwenye gundi angavu, akakikata kwa ule msumeno, akakigandisha kwenye kioo na kukisaga kwa unga wa msasa, anasaga na kuangalia, anasaga na kuangalia, mpaka jiwe linapitisha mwanga. Hapo ndipo penye roho mkononi. Ukizidisha mzunguko mmoja, mgonjwa wako kaishia kwenye sinki na wewe umebaki na kioo kitupu. Kipande kingine alikilaza kwenye tindikali hafifu, ikala jiwe polepole, na kilichokuwa laini kikabaki kinaelea. Kabla ya kushangilia lazima wahakikishe si gundi ya waliochimba, kwa maana wachimbaji hupaka gundi kila mahali ili mfupa usivunjike, na gundi chini ya hadubini hutengeneza vijinyuzi vizuri kuliko mishipa yenyewe. Profesa mwenyewe husimulia jinsi alivyowahi kuita watu waje kuona mshipa wa damu wa zamani kuliko yote, na ukawa gundi.

Na bado dada alisema "pole." Msumeno unalia, feni inanguruma, na yeye anasogeza midomo kwa jiwe.

Siku moja aliletewa muundi. Mfupa wa mguu, chini ya goti, wa mnyama mmoja mla majani, mrefu kuliko mimi nikiwa nimelala. Chini kidogo ya goti ulikuwa na nundu mbaya, kama mkate ulioumuka ukapasuka ubavuni. Vitabu vya zamani vya makumbusho vilisema mnyama alivunjika akapona vibaya. Profesa hakuridhika. Dada akakata, akasaga, akalaza vipande kwenye tindikali. Profesa akamwita na yule daktari wa hadubini wa hospitali, mzee sasa, wakaangalia pamoja. Waliona mfupa ulioota bila mpango, kama uzi uliosukwa na mtu aliyelewa, na kati yake mishipa midogo mingi mno, imejipinda. Wakaipima kuona kama ni gundi. Haikuwa gundi. Wakapima na udongo uliozunguka mfupa, nao haukuwa na kitu kama kile. Ndipo Profesa akasema neno lenyewe, saratani.

Sasa sikilizeni alichofanya Mama Wembe. Kwenye mkoba wake alikuwa na roli ya vile vibandiko vyekundu, aliondoka nayo hospitalini siku ya kustaafu, kumbukumbu. Profesa hajamaliza hata sentensi, dada akachomoa kibandiko, akakipiga kwenye boksi la mfupa, HARAKA, akanyakua bahasha ya picha na akatoka mbio. Alipanda ngazi, akapita katikati ya mstari wa watoto wa shule, akakata kona, akakimbia ukumbi mzima mpaka mwisho, na mwisho wa ukumbi kuna mlango wa stoo ya mafagio. Akasimama pale. Hakukuwa na daktari wa kumpa bahasha.

Mlinzi alimfuata akidhani kuna moto.

Jioni hiyo alikuja kwetu kutusimulia. Alicheka mpaka machozi, mke wangu akacheka mpaka akakaa chini, na mimi nikacheka, kisha nikainuka kwenda kuchukua birika. Nilichechemea. Nilikuwa nimejizoeza kutochechemea mbele za watu, lakini kicheko kilinifanya nijisahau. Nikasikia nyuma yangu kicheko cha dada kimekatika.

"Mguu una nini?"

"Nilijigonga kwenye meza ya kukatia."

"Lini?"

"Juzijuzi."

"Muongo," mke wangu akasema. "Wifi, huyu anachechemea tangu mvua zianze."

Dada alinikalisha, akapandisha suruali yangu kama mimi ni mtoto wa chekechea. Chini kidogo ya goti palikuwa na uvimbe, mgumu, wenye joto. Aliuwekea kiganja. Nami naujua uso wa dada yangu. Ulikuwa uso wa korido.

"Kesho tunakwenda wakachukue kipande."

"Hakuna anayechukua kipande."

"Kitinda."

"Kikiguswa na kisu kinatawanyika," nikamwambia. "Kama ni kile unachofikiria, kikiguswa na kisu kinakwenda mwili mzima. Kila mtu anajua hivyo."

"Kila mtu nani?"

Nikamtajia jirani yetu muuza mkaa, aliyepelekwa hospitali anatembea, akakatwa kinyama begani, na hakumaliza msimu. Dada akasema muuza mkaa alikwenda amechelewa. Nikasema alikwenda anatembea. Tukapandishiana sauti. Akanikumbusha mgongo wake. Nikamwambia mgongo wake nimeulipia kwa kumshonea magauni ya bure maisha yangu yote. Akachukua mkoba akaondoka, chai yake haijaguswa.

Niseme wazi, niliogopa. Niliogopa kisu, na nilikiogopa zaidi kile kitakachofuata baada ya kisu. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, ya chuma, ya marehemu baba. Mguu ule wa kulia ndio unaoianzisha na ndio unaoisimamisha. Fundi akikatwa mguu atakaa dirishani kutazama wenzake wakishona. Nilijiona hivyo kila nilipofumba macho. Basi nikapaka dawa ya kuchua na kuendelea kukanyaga, na mguu ukaendelea kuvimba, na nikaanza kushona suruali pana ili watu wasione. Mke wangu alilia, alinuna, alinibembeleza. Mwisho akanyamaza, na mke wangu akinyamaza, ujue kuna jambo linapikwa.

Lililopikwa lilikuwa hili. Dada hakukanyaga kwetu kwa muda, kisha akapiga simu, sauti imenyooka kama ya mteja. Profesa anataka vifuniko vya hadubini, vya kitambaa kisichotoa nyuzi, maana nyuzi zikianguka kwenye vioo zinaharibu kazi. Je, naweza kwenda kupima? Nikasema kazi ni kazi. Mke wangu alinifungia futi yangu kwenye mfuko haraka mno, lakini sikushtuka.

Niliteremka zile ngazi nikishikilia ukuta. Dada alinivalisha glavu na koti jeupe. Nikazipima hadubini zote, urefu, upana, shingo, moja baada ya nyingine, naye ananifuata nyuma. Nilipomaliza nikageuka, na kwenye meza ya mwisho, chini ya taa, nikauona ule muundi. Karibu yake wameweka mwingine mzima wa mnyama wa aina ileile, ili mtu alinganishe.

Nundu ilikuwa palepale. Chini kidogo ya goti.

"Umeniita nipime hadubini au unipime mimi?"

"Vyote," akasema. Hakuona aibu hata kidogo. "Wifi yangu ndiye aliyetunga. Kaa hapo."

Nikakaa, kwa sababu mguu uliniuma, si kwa sababu ya kutii. Akaweka kioo chini ya hadubini, akaniambia nichungulie. Sikuona ugonjwa. Niliona rangi ya kahawia na njia nyingi zilizopotea, kama kitambaa kilichofumwa na mashine mbovu. Akabadilisha kioo, akaweka cha ule mfupa mzima, na hapo njia zilikuwa zimepangwa duara kwa duara, mfumo safi wa fundi anayejua kazi yake. Nilielewa. Tofauti ya kazi nzuri na mbaya siwezi kufundishwa na mtu.

"Huyu alikatwa na nani?" nikauliza, kwa ubishi tu.

"Nimemkata mimi, mwaka huu."

"Kabla yako?"

"Kabla yangu hakuna. Kulikuwa hakuna mtu duniani, Kitinda. Hakuna kisu, hakuna daktari, hakuna wembe."

"Kwa hiyo hakuguswa."

"Hakuguswa kabisa."

Akafungua droo, akatoa kisanduku kidogo chenye pamba. Ndani kulikuwa na vipande vya mbavu za mnyama yuleyule, waliochimba waliviokota pamoja na mguu. Akanipa kioo cha kukuza. Kwenye ubavu mmoja kulikuwa na kitundu kilicholiwa, ukingo wake mbaya kama ule wa nundu. Kwenye ubavu wa pili, vitundu viwili.

"Profesa amepima na hivi," akasema. "Ni kitu kilekile. Kilitoka mguuni."

Nilikuwa natazama vile vitundu. Mnyama mkubwa kama nyumba, hakuna kisu kilichomgusa, na kile kitu kilitembea chenyewe kutoka chini ya goti hadi mbavuni, kikiwa kimeachwa kwa amani, kama nilivyokuwa nakiacha changu.

"Muuza mkaa," nikasema.

"Muuza mkaa alikuwa nacho kifuani siku nyingi kabla hawajamgusa. Kile kipande cha begani kilipita kwangu. Nilisikia baadaye kuwa ni yeye." Akarudisha pamba juu ya mbavu. "Bahasha yake niliipeleka kwa kutembea."

"Kwa kutembea? Na majibu yalikuwa mabaya?"

"Wale wa benchini hawakuwahi kuelewa," dada akasema. "Walidhani nikikimbia ndiyo habari mbaya kuliko zote. Habari mbaya kuliko zote niliipeleka taratibu, maana hakukuwa na cha kuwahi. Kukimbia ni kwa yule ambaye bado anawahika."

Nikakitazama kile kibandiko chekundu kwenye boksi la mfupa. Walikuwa hawajakibandua.

"Na huyu je? Huyu ulimkimbilia."

"Kwa huyu nilijisahau," akasema. "Nilikuwa nimesikia neno lile, miguu ikaondoka yenyewe. Nimefika kwenye mlango wa mafagio ndiyo nakumbuka. Kitinda, nimechelewa kwa huyu miaka milioni sabini. Usinifanye nichelewe na kwako, na uko hapa, umekaa kwenye kiti changu."

Alilia. Sikuwahi kumwona analia, hata alipokufa mama, kwa sababu siku ile alikuwa ananilisha mimi uji. Nikavua glavu, nikamfuta machozi kwa mkono wa lile koti jeupe.

Nilikwenda nyumbani nikashona vile vifuniko. Nilivishona vyote, kwa mguu wa kushoto, nikijaribu tu nione. Mishono ilikwenda mrama mwanzoni, kisha ikanyooka kiasi. Nilipokata uzi wa mwisho nikamwambia mke wangu atafute viatu vyangu.

Hospitalini walinichoma sindano ya ganzi, wakaingiza nyingine nene, wakatoa kipande kama punje ya mchele. Aliyekipasua ni binti mmoja aliyefundishwa na dada, kwa sababu sheria ya chumba kile ni kwamba hukati mtu wa damu yako, na dada hata hivyo si wa pale tena. Nilimuuliza dada kama yule binti atasema "pole." Akasema, "Asiposema atanitambua."

Siku ya majibu tulikaa benchini watu watatu, mimi, mke wangu na dada. Alikuwa amepita mbele ya benchi lile maisha yake yote ya kazi na hakuwahi kulikalia. Hakujua hata kukaa. Alikaa ukingoni, mkoba mapajani, kama mtu aliyepanda basi lisilo lake. Wafanyakazi wa zamani wakipita walimsalimia, yeye anaitikia huku anaangalia mwisho wa korido. Karani alipita akitembea na bahasha zake, tukamtazama sote. Akapita.

"Naenda kuwasalimia wenzangu," dada akasema, akainuka.

"Wifi, si utulie," mke wangu akamwambia.

"Nitatulia nikirudi."

Akaenda. Nilimwona anakata kona kule mwisho, kwenye mlango wa chumba chake cha zamani. Tukangoja. Mtoto wa watu fulani alikuwa anachezea kifuniko cha chupa sakafuni, kinazunguka, kinaanguka, kinazunguka. Mke wangu alinishika mkono na kuuminya kila kifuniko kilipoanguka. Nilikuwa nawaza jambo moja tu. Nilikuwa nawaza, naomba asitokee anatembea.

Ndipo alipotokea. Mwanamke mzee, magoti mabovu, viatu kaviacha sijui wapi, bahasha mkononi na doa jekundu juu yake, na alikuwa anakimbia. Alikimbia kama siku zile. Benchi zima likanyamaza. Mama mmoja karibu yangu akashika kichwa na kuanza kunong'ona dua, akidhani ni ya kwake. Dada hakutuangalia hata kidogo. Alitupita, upepo wa gauni lake ukanigusa usoni, akaingia kwa daktari wa upasuaji bila kubisha hodi.

Mke wangu alianza kulia. Nikamwambia, "Usilie. Anakimbia."

Mguu waliuchukua wiki ileile, juu kidogo ya goti, na dawa zilizofuata zilinifanya nilaani kila mtu, nikianza na dada. Sasa nina mguu wa bandia ambao nauvaa nikienda mjini na kuuvua nikiwa kazini. Ile cherehani ya baba nimeifungia mota ya umeme, inanguruma vibaya, lakini inashona. Kila nikienda kupimwa wananiambia mbavu zangu ni safi. Wao hawajui kwa nini huwa nauliza mbavu kwanza.

Majuzi Profesa aliniita nikapime kitambaa cha kabati la kioo. Ule muundi wanautoa chini, wanaupandisha ukumbini watoto wa shule wauone, pamoja na picha za ile mishipa. Nilimkuta dada anaufuta vumbi kwa brashi ya rangi, na boksi liko pembeni na kibandiko chake, kimeanza kufifia.

"Mama, hicho tukibandue sasa," Profesa akasema. "Watu watauliza haraka ya nini."

Dada hakuacha kufuta.

"Kiache," akasema. "Ajue kuna mtu alimkimbilia."

Profesa alinitazama mimi, nikaangalia futi yangu. Kisha akaniomba niongeze kwenye vipimo vyangu nafasi ya boksi, nalo litaingia kabatini.